Ndoo Moja ya Mtoto: Namna ya Kumfanya Mwanao Apende Bustani Nyumbani

Nilipokuwa darasa la nne, aliyechelewa namba alipelekwa shamba la shule kupalilia matuta mawili. Aliyepiga kelele darasani alipata tuta moja. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule nyingi za Tanzania zilianzisha mashamba, na nia ilikuwa njema: mtoto ajifunze kazi ya mikono, na shule ipate chakula. Lakini sisi tuliopita pale miaka mingi baadaye tulijifunza kwamba jembe ni ndugu yake fimbo. Nilimaliza shule nikijua kupalilia kwa hasira, sijui hata jani la kunde linachumwa likiwa na umri gani. Nilipopata watoto nikaapa jambo moja: nyumbani kwangu udongo hautakuwa adhabu.

Haya ninayoyaeleza nimeyafanya na watoto wangu watatu katika ua wa nyumba ya kupanga Dar es Salaam, wapangaji wanne, bomba moja, na kuku wa mama mwenye nyumba wakipita watakako. Yanamfaa mtoto wa kuanzia miaka miwili na nusu hadi minane hivi. Shamba halihitajiki.

Kwanza, mwonyeshe mbegu ikiamka

Usianze na udongo. Ukifukia mbegu ardhini, kwa mtoto wa miaka minne umeitupa. Haioni, na siku nne za kungoja kwake ni mwezi mzima. Anza na glasi.

Chukua glasi ya kioo inayoonyesha ndani. Izungushie karatasi ya tishu au kipande cha kitambaa upande wa ndani, kisha jaza pamba au matambara katikati ili karatasi ibanwe kwenye kioo. Mpe mtoto maharage matatu au manne ayasokomeze kati ya karatasi na kioo, yaonekane kwa nje. Mwagia maji kidogo mpaka karatasi ilowe, pasiwe na dimbwi chini. Weka glasi pale anapokunywa uji asubuhi.

Siku ya pili maharage yamevimba na ngozi imekunjamana. Siku ya tatu au ya nne mzizi mweupe unachungulia, unaelekea chini. Hapo ndipo mtoto wangu wa kwanza aliponiita kwa sauti iliyomtoa jirani nje: "Mama! Limetoa mkia!" Sikumsahihisha. Kesho yake aliamka kabla yangu kuangalia mkia umefika wapi.

Mzizi ukishafikia urefu wa kidole chake, ilaze glasi ubavu, iache siku moja au mbili. Mzizi utapinda tena kuelekea chini, na shina litapinda kuelekea juu. Muulize, "Limejuaje chini ni wapi?" Halafu nyamaza. Mwache afikiri. Majibu utakayoyapata yatakufurahisha, na hakuna haja ya kumpa la kitabuni siku hiyo hiyo.

Kama mtoto hana subira kabisa, tumia choroko. Loweka usiku mmoja, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na ndani ya siku moja au mbili zinatoa vijimkia. Choroko zilizochipua mnaweza kuzipika mkazila.

Onyo moja kwa wenye watoto chini ya miaka mitatu: punje za maharage huishia puani na masikioni. Kaa naye. Tena maharage mabichi yakitafunwa yanaumiza tumbo, mengine vibaya.

Pili, mpe ndoo iwe yake kweli

Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Watoto wengi tunaowaambia "njoo unisaidie bustanini" tunawafanya vibarua wa bustani yetu. Wanabeba maji, wanaokota majani, wanakatazwa kukanyaga. Baada ya wiki mbili wamekimbilia mpira.

Mtafutie chombo kimoja. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka mpini, dumu la mafuta ya kula lililokatwa ubavu, beseni bovu, kiroba cha unga kilichokunjwa mdomo, vyote vinafaa. Usichukue kopo lililokuwa na dawa ya wadudu, hata ukiliosha mara kumi. Toboa matundu sita au saba chini kwa msumari wa moto. Kazi hiyo ni yako, mtoto akae mbali. Kisha mwache achore jina lake, au alama yake kama hajui kuandika, kwa mkaa au rangi. Wa kwangu wa pili alichora samaki, na mpaka leo ndoo ile inaitwa ndoo ya samaki.

Sasa sikiliza sharti lake gumu. Kilichomo ndani ya ndoo ile anaamua yeye. Akitaka kufukua mbegu kuona zimefika wapi, afukue. Akipanda msitu wa kunde kumi na tano kwenye ndoo moja, mwache ashuhudie zinavyosongana. Wewe kuwa na ndoo yako pembeni, panda kitu kile kile kwa utaratibu unaoujua. Ataiangalia yako, atalinganisha, atauliza. Swali lililotoka kwake lina nguvu kuliko maelekezo yako ishirini.

Kwa udongo, changanya ndoo mbili za udongo wa kawaida, moja ya samadi iliyooza vizuri, na moja ya mchanga kama udongo wenu ni mfinyanzi. Dar maeneo mengi ni mchanga mtupu, basi acha mchanga, ongeza samadi au mboji. Samadi iliyooza haina harufu kali, inasagika mkononi kama udongo mweusi. Mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche, tena haifai kushikwa na mtoto. Kuchanganya udongo ndiyo sherehe yenyewe. Mvalishe nguo mbovu, mpe kijiko cha zamani au kifuu cha nazi, usimhesabie matope.

Tatu, chagua mazao yasiyochelewa

Mzazi wa mjini akifikiria bustani anafikiria nyanya. Nyanya si zao la kuanzia mtoto. Inakaa kitaluni wiki tatu au nne, ikihamishwa inakaa tena miezi miwili na zaidi ndipo iive, na katikati hapo kuna ukungu, wadudu, na kupasuka kwa sababu ya maji yasiyo na mpangilio. Ukianza na nyanya umeanza na huzuni.

Mchicha unaota ndani ya siku tatu hadi tano, na wiki ya nne mnakula. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mtoto akizimwaga zote zinakaa sehemu moja; zichanganye na kiganja cha mchanga mkavu, kisha anyunyize kama anayetia chumvi kwenye mboga. Funika kwa udongo mwembamba sana. Ikishaota kwa wingi, ing'oeni ile iliyosongana. Watoto hawapendi kuua miche, kwa hiyo mimi nasema tunavuna ya kwanza, na ile iliyong'olewa inaingia kwenye sufuria mchana huo huo.

Kunde ndiyo rafiki wa mtoto wa miaka minne. Punje ni kubwa, anaishika vizuri, na shimo lake ni kiungo kimoja cha kidole chake. Achomeke kidole, aweke punje, afunike. Inachomoza siku ya nne au ya tano, ikiinua udongo kichwani kama mtu anayetoka kwenye shuka. Majani machanga yanachumwa baada ya wiki tatu au nne. Mwambie ahesabu anazopanda. Wa kwangu walipanda kumi zikatoka saba, na zile tatu zikawa habari ya nyumba nzima. Tulifukua. Moja ilikuwa imeoza kwa maji, moja imetobolewa na mdudu, na ya tatu hatukuiona kamwe, ingawa kuku mmoja tulimshuku.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Kata kipande cha shina urefu wa kiganja na nusu hivi, ondoa majani ya chini, fukia nusu yake kwa kulaza kidogo, mwagilia. Baada ya siku mbili tatu linaonekana limekufa, limelala. Hapo mwambie mtoto angoje. Ndani ya wiki moja linanyanyuka. Sijaona mmea mwingine unaomfundisha mtoto kutokata tamaa kwa haraka hivyo.

Ongeza kitu cha kunusa. Mrehani, mchaichai, au tawi la mnanaa ndani ya glasi ya maji, ambalo hutoa mizizi kwa muda mfupi. Mtoto mdogo anajua dunia kwa pua na vidole kabla hajaijua kwa maneno. Kama mnapita mahali penye kifauongo, kaeni hapo dakika kumi mkigusa majani yanavyojikunja na kungoja yafunguke. Msikipeleke nyumbani tu. Kina miiba na kinatambaa kila mahali.

Kwa mwenye miaka sita na kuendelea, alizeti na bamia zinafaa. Bamia iloweke usiku mmoja kwanza. Alizeti changa hufuata jua kutoka asubuhi hadi jioni. Ikikomaa hubaki imeelekea mashariki. Mpe kamba, kila Jumamosi apime urefu na kufunga fundo.

Kuhusu msimu: pwani yetu masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwenye ndoo mnaweza kupanda mwezi wowote, ila mvua kubwa ya Aprili hufukua mbegu za mchicha, weka chini ya upenu. Na jua la Januari na Februari linahitaji kivuli saa za mchana.

Nne, maji

Kopo la lita moja likimwagwa kwa mkupuo linang'oa miche yote. Chukua chupa ndogo ya maji ya nusu lita, toboa kifuniko chake matundu matano kwa sindano iliyopashwa moto. Mtoto anaibinya, maji yanatoka kama manyunyu. Chupa hii imewafurahisha wanangu kuliko midoli ya dukani.

Tatizo la watoto ni kuzidisha. Mfundishe kuuliza udongo: achomeke kidole. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo ulioganda wenye unyevu, subiri. Asubuhi kabla ya shule au jioni jua likipoa. Kwa wa miaka miwili na nusu, hii ndiyo kazi yake yote ya bustani, kumwagilia na kuchezea matope, na inatosha.

Tumia maji ya kuoshea mboga au mchele pale maji yanapokatika. Ila sahani na makopo yanayokinga maji chini ya ndoo yamwagwe angalau mara moja kwa wiki. Dar es Salaam imepata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama kwenye vyombo kama hivyo hivyo. Mpe mtoto cheo cha kumwaga sahani kila Ijumaa. Ataishika kazi hiyo kwa bidii.

Tano, wadudu na hatari nyingine

Sheria yetu ni moja: kabla ya kusogeza ndoo yoyote, mtu mzima aiinue kwanza. Chini ya ndoo zenye unyevu hujificha tandu na nge. Jongoo haumi, lakini mtoto mdogo hawezi kumtofautisha na tandu, kwa hiyo mfundishe mapema: jongoo ni wa mviringo, mpole, ukimgusa anajikunja, tandu ni bapa, ana mbio, na anauma.

Viatu vivaliwe, hata ndala. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote, kwa sababu ya minyoo. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au bluu zimewekwa dawa. Hizo panda wewe, usimpe mtoto. Na kama kuna mnyonyo karibu na nyumba yenu, mbegu zake zenye madoadoa mazuri zinamvutia mtoto kama gololi, nazo ni sumu kali. Mwonyeshe, mwambie waziwazi, au ung'oeni.

Wadudu wengine waacheni wawe somo. Kiwavi kwenye jani la mchicha hana haja ya kuuawa mara moja. Mweke kwenye chupa yenye matundu na majani yale yale anayokula, badilisha majani kila siku, na huenda mkashuhudia anavyojifunga na kutoka na mabawa. Vunjajungu akae, anakula wadudu wengine. Nyungunyungu akionekana wakati wa kuchimba, ni dalili njema ya udongo. Mwache mtoto amshike kisha amrudishe. Vidukari vikijaa kwenye kunde, changanyeni sabuni kidogo na maji mnyunyize chini ya majani jioni. Dawa kali za dukani zisikaribie ndoo ya mtoto.

Kuku ndio wabaya wetu wakubwa. Vijiti vyenye miiba vilivyochomekwa kuzunguka ndoo vilisaidia kwa wiki moja, kisha tukanunua kipande cha wavu wa waya.

Sita, siku mimea inapokufa

Itakufa. Mtoto atasahau kumwagilia mnaposafiri, au kuku watapita. Usiinunue nyingine usiku ukaifukia kwa siri. Nilifanya hivyo mara moja na mwanangu alijua, kwa sababu mche wake ulikuwa na jani lililotobolewa na huu haukuwa nalo. Aliniuliza, "Mama, wangu umeupeleka wapi?" Sikuwa na la kujibu.

Kaeni mkague maiti ya mmea pamoja. Mizizi ilikuwa myeusi na laini? Maji yalizidi. Ilikuwa mikavu kama uzi? Yalipungua. Shina limekatwa karibu na udongo? Tafuteni mdudu. Kisha muulize kama anataka kujaribu tena. Akisema hapana, ndoo ikae tupu. Wa kwangu wa pili aliiacha ndoo ya samaki miezi miwili, kisha siku moja nikamkuta anachomeka mbegu za papai alizotoka kula. Usimkumbushe kila siku, na zaidi ya yote usimwambie "umeona, nilikwambia umwagilie." Hapo ndipo bustani inapogeuka kuwa shamba la shule.

Saba, avune yeye, na kiliwe siku hiyo

Mboga ya ndoo moja haitoshi familia, na haijalishi. Majani manane ya kunde yakatwe na mtoto, yaoshwe na mtoto, yachanganywe kwenye sufuria pamoja na mboga ya gengeni, na mezani isemwe kwa sauti kwamba leo tunakula kunde za fulani. Mwanangu mdogo alikuwa hali mboga za majani kabisa. Alianza kwa kula "yake" tu, akiitafuta kwenye sahani kwa kidole. Wakati mwingine mpe fungu dogo alipeleke kwa bibi au kwa jirani. Sifa za bibi zinafanya kazi ambayo sifa za mama haziwezi.

Nane, boga kwa mtoto aliyekwisha kunogewa

Akishavuna mara mbili tatu, mpe boga. Ndoo ya lita 20, mmea mmoja tu, karibu na ukuta au kichanja, kwa maana litatambaa mita kadhaa. Majani yake machanga ni mboga, lakini raha yake iko kwenye maua.

Maua ya kwanza karibu yote ni ya kiume. Yanachanua na kuanguka, msiogope. Baadaye yanakuja yenye kiboga kidogo nyuma ya ua: hayo ni ya kike. Yote hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana. Mjini nyuki ni wachache, basi mtoto awe nyuki. Amkeni mapema, achume ua la kiume, abandue petali zake libaki lile shina la unga wa njano, aupakaze unga ule katikati ya ua la kike taratibu. Baada ya siku chache kiboga ama kinavimba, au kinageuka njano na kuanguka. Mtoto anayengoja jibu hilo hahitaji kuamshwa.

Mwisho, mbegu za mwakani

Acheni maganda machache ya kunde yakauke kwenye mmea mpaka yatoe sauti yakitikiswa. Mtoto ayapasue, atupe punje zilizotobolewa, azianike kivulini siku mbili tatu. Zichanganyeni na majivu makavu yaliyochekechwa ili wadudu wasiziingie, mzitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Aandike mwenyewe kwenye karatasi: jina la mbegu, mwezi na mwaka, na jina lake. Chupa ikae kabatini, mahali pasipo joto, mpaka masika.